Jagi la Mvuke

Siku zote Chiduo alikohoa kwanza. Miezi miwili tangu mama mkwe wake atoke Mpwapwa kuja kuwasaidia na mtoto, hakuwahi kukanyaga jikoni bila kukohoa mara mbili, tena kikohozi kizito cha mtu mwenye pumu, ili mama wa watu apate muda wa kujitanda kanga na kupita mlango wa pili kwenda chumbani. Ndivyo walivyolelewa wote wawili. Mkwe humwangalii usoni, humpi mkono, huli mbele yake, na ukiwa na shida naye unamtuma mtoto. Ndoa ilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kama Chiduo angeulizwa mama wa mkewe Mbeleje ana sura gani, angetaja rangi za kanga zake.

Sasa Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, yuko sebuleni anafunga viatu aende kazini, akasikia maji. Siyo ya bombani. Tone, tone, tone, halafu mchirizi. Jamani, Chiduo alikuwa mhandisi wa Idara ya Mizani, ofisi inayohesabu maji ya mji mzima wa Dodoma, na sauti ile ilimpanda hadi kichwani. Aliruka na kiatu kimoja, akaingia jikoni mbio, na kukohoa hakukohoa.

Mama Damari, mkwewe, alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine ya kuoshea vyombo, ameivuta kutoka ukutani, kanga imeanguka begani, mikono yote miwili imezama kwenye tundu la mabomba. Akageuka. Chiduo aligeuka haraka zaidi, akawa anatazama jokofu.

"Samahani, Mama! Shikamoo! Natoka, natoka!"

Hakutoka. Mlango mkubwa wa nyumba ulishaanza kulia, komeo la kwanza, la pili, la tatu, kisha sauti ya nyumba ikazungumza kutoka kwenye kioo cha mlangoni, sauti ya kike, tulivu kama ya muuguzi.

"Maji yanapotea jikoni. Nyumba imefungwa. Watu wawili wamo. Zibeni, mtoe ushahidi, mlango utafunguka. Poleni."

Hiyo "poleni" aliiongeza Chiduo mwenyewe, miaka minane iliyopita. Aliona inapunguza ukali.

Na makomeo pia ni yeye. Jengo la Kumi na Saba, kama majengo yote ya mji baada ya ule ukame mrefu, lilikuwa na tangi moja chini ya ardhi, na maji yaleyale yalizunguka humo mwaka mzima: yanapanda, yanaogesha watu, yanapika, yanachujwa, yanapanda tena. Familia mia mbili na kumi kwa tangi moja. Zamani, bomba likimpasukia mtu, alikuwa anafunga mlango anakwenda zake kazini, maana maji ni ya wote na mwenye uchungu nayo hayupo. Jengo la Tisa lilikauka hivyohivyo kwa siku nne. Watu kumi na sita walifia vitandani, na Chiduo, wakati huo fundi mchanga, ndiye aliyewashusha ngazini mmoja mmoja. Baada ya hapo akakaa chini akabuni komeo: anayevujisha atabaki na mvujo wake mpaka auzibe. Tangu hapo halijakauka jengo lingine. Hilo tuliseme mapema, kwa sababu leo tutamcheka sana.

* * *

Alichotegemea ni kwamba mama mkwe angeinuka na kwenda chumbani, yeye aingie, azibe, waishe. Ni kazi ya dakika kumi. Akasubiri, macho kwenye jokofu. Mama Damari hakuinuka. Alivuta kanga mpaka puani, akanyoosha mkono juu ya meza, akaishika sufuria moja, akaipakata.

"We sufuria," alisema, "mwambie huyo baba wa watu aende sebuleni akapumzike. Hapa pananitosha mwenyewe."

Chiduo hakuwa na mtoto wa kumtuma. Mwanawe Nyemo alikuwa kanisani na mama yake, mazoezi ya kwaya. Akajikuta naye anazungumza na sufuria.

"Sufuria, mwambie Mama hii mashine inaosha kwa maji ya nyuzi sabini. Ataungua. Mama aende akae, mimi nishughulike."

"Sufuria, mwambie sitoki."

Sitoki! Mama mkwe anamwambia mkwewe sitoki! Chiduo alihisi masikio yanapata moto. Huko sakafuni maji yalikuwa yamefika kwenye soksi yake ya mguu usio na kiatu. Na kulikuwa na jambo lingine lililomkaba zaidi ya aibu: kanuni ya tano ya Idara. Mhandisi ambaye nyumba yake itakaa imefungwa zaidi ya siku moja anafutwa kwenye daftari la wahandisi, basi, bila barua. Kazi hiyo ndiyo iliyowapa nyumba ya vyumba viwili na dirisha.

Akafumba macho, akashuka. Alitambaa kifudifudi kwenye maji, makalio yameinuka mbele ya mama aliyemzaa mke wake, akamwomba Mungu amfiche, na Mungu hakumficha. Mama Damari aligeuza uso ukutani, lakini mahali pake hakupaacha. Chiduo akapenyeza mkono nyuma ya mashine, akafuata mpira wa kutolea maji kwa vidole. Mpira ule alikuwa anaujua vizuri. Unatoka kwenye mashine, unashuka, unaingia bomba la kurudishia. Hauna kiungo popote.

Vidole vyake vikagusa kiungo.

Akakiangalia. Mpira ulikuwa umekatwa, ukachomekwa kipande cha bomba chenye midomo mitatu, na kila mdomo umefungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, umezungushwa na kukazwa na kuzungushwa tena, ufungaji wa kijijini kabisa, ule wa kila pampu na kila dumu kule Mpwapwa. Kwa maji ya baridi ungeweza kukaa miaka mitano. Kwa maji ya nyuzi sabini, mara tano kwa siku, umelainika ukateleza. Na kutoka mdomo wa tatu, mpira mwembamba wa kijani ulikuwa unaingia kwenye tundu la mabomba na kupotelea ng'ambo ya ukuta.

Ng'ambo ya ukuta ni namba arobaini na nne. Chiduo aliijua. Ilikatiwa maji wiki tatu zilizopita kwa kosa la kuzidisha matumizi, wakazi wakahamishiwa kambini, mlango ukapigwa lakiri ya Idara. Aliijua kwa sababu sahihi ni yake, moja kati ya arobaini alizozitia siku ile kabla ya chakula cha mchana. Nyumba tupu.

Halafu nyumba tupu ikagonga ukuta. Mara tatu, taratibu.

"Mama Damari?" ilikuwa sauti ya mwanamke, imekauka. "Mama, yamekatika. Kuna nini?"

* * *

Mama Damari aliikaza sufuria mapajani.

Chiduo alikuwa anakumbuka sahani. Tangu mwezi uliopita alikuwa akimlalamikia Mbeleje: mama yako ana nini na ile mashine? Anaosha sahani safi! Anazitoa, anazipanga, anazirudisha, mara tano kwa siku, na hakuna aliyekula. Mbeleje akamwambia muache, ni mtu wa kijijini, hajawahi kuwa na mashine, anafurahia. Wakacheka wote wawili.

Mashine ya kuoshea vyombo, kila inapomaliza, hupoteza maji kidogo kwa mvuke. Idara inalijua hilo, na nyumba imefundishwa kulisamehe: kila uoshaji, jagi moja, halihesabiwi. Lakini mashine ikiendeshwa na sahani safi, na mlango wake usifunguliwe mpaka ipoe, mvuke unarudi kuwa maji na lile jagi linabaki. Usiku linashushwa kwenye tangi wagawane wote, kijiko kwa kila familia. Wahandisi watatu walikaa mwezi mzima kulijua hilo. Mama Damari, aliyeishia darasa la nne, alilijua kwa kuweka kiganja juu ya mashine, na kila jagi akalielekeza kwenye ule mpira wa kijani.

"Sufuria," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa na unyenyekevu hata kidogo, "mwambie huyo ni Sechelela, mshonaji. Mama yake hawezi kusimama toka mwaka juzi. Anajichafua kitandani, lazima aoshwe. Ndiyo hayo matumizi waliyozidisha. Askari wa Idara walipogonga, wakanyamaza, maana kambini ni mahema, na kwa lori lile mgonjwa asingefika. Wakapigiwa lakiri humohumo ndani. Mwambie kaka yake Sechelela ameshapata kibali cha mahakama cha kumchukua mgonjwa, anakuja nacho Ijumaa. Siku sita. Mwambie mimi nilikuwa naomba siku sita tu."

"Mama angeniambia," alisema Chiduo.

"Sufuria, muulize ningemwambia vipi. Kwa kikohozi?"

Kisu cha mboga kilikuwa juu ya meza, Chiduo akakichukua. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: kata mpira wa kijani, ziba mdomo wa tatu, toa ushahidi, nenda kazini. Sahihi yake ingebaki kuwa sahihi. Alikuwa amewahi kusimama kwenye ukumbi wa jengo, mbele ya familia zote, akawaambia anayechukua kijiko kimoja kisicho chake anakichukua mdomoni mwa mtoto wa mwenzake, na watu wakapiga makofi, na aliamini. Bado aliamini. Kijiko ni kijiko. Familia mia mbili na kumi zilikuwa zinakosa kijiko kila siku kwa sababu ya mpira huu, na hakuna aliyeulizwa.

Upande wa pili mtu alikohoa. Kikohozi kidogo cha mgonjwa, kisha sauti ya Sechelela ikibembeleza, "Tulia, mama, tulia, yanakuja." Chiduo aliona aibu iliyompita kimo, kubwa kuliko ya kutambaa mbele ya mkwe. Arobaini kabla ya chakula cha mchana! Hata hakumbuki alikula nini.

Akakirudisha kisu mezani. Akafungua droo, akatafuta mpaka akapata klipu tatu za chuma na bisibisi. Akaukata mpira wa baiskeli, akausafisha mdomo, akavalisha klipu, akakaza skrubu mpaka chuma kikalia. Midomo yote mitatu. Mpira wa kijani akauacha ulipokuwa. Mchirizi ukawa tone, tone likakoma, na ng'ambo ya ukuta maji yakasikika yakigonga ndoo.

"Asante," ilisema sauti ya Sechelela, ikidhani inamwambia mwingine.

* * *

"Mvujo umekoma," ilisema nyumba. "Watu wawili waje mlangoni watoe ushahidi."

Hapo ndipo Chiduo alipokumbuka. Alisimama katikati ya sebule, maji yanamtiririka kwenye suruali, akashika kichwa.

Ushahidi wa nyumba haukuwa wa kusema tu. Alijua watu watadanganya, nani asiyejua? Kwa hiyo aliweka masharti: watu wazima wawili wasimame mbele ya kioo, watazamane machoni. Mmoja ataje chanzo, mwingine akubali. Kioo hakikupima uongo, kilipima mapatano, kama nyuso mbili zinasema neno moja au uso mmoja unavuta huku na mwingine kule. Alikuwa na hakika watu wa nyumba moja hawawezi kupatana kiasi cha kudanganya pamoja. Aliwajua watu wa nyumba moja.

"Sufuria..." alianza, halafu akaona sufuria imebaki jikoni. "Mama. Itabidi tutazamane."

"Askari wakitukuta tumefungiwa wataingia?" aliuliza Mama Damari, aliyekuwa amemfuata sebuleni, akilielekea pazia.

"Hawawezi. Zamani walikuwa wanavunja milango ya watu na kujibebea madumu, nikakataza. Nyumba ikishajifunga haifunguliwi na wa nje kwa siku tisa. Wa ndani wakiziba, sawa. Wasipoziba, siku tisa. Maji ya ndani hayakatwi."

"Na ukisema ni mimi?"

"Chanzo kikiwa mtu, wanakuja kukagua ukuta."

"Basi sema ni mashine," alisema Mama Damari, na akaishusha kanga mwenyewe.

Chiduo alimtazama. Kwanza alimwona Mbeleje, pua ileile, na kishimo kilekile kidevuni. Kisha akamwona mtu mwingine kabisa, mwanamke mwenye jicho moja lenye ukungu mweupe. Miaka kumi na mmoja, na hakujua kwamba mkwewe anaona kwa jicho moja! Yeye ndiye aliyempangia mtu huyu chumba chenye taa mbovu. Machozi yalimlengalenga, akajilazimisha macho yasiondoke pale.

"Chanzo ni mashine," alisema. "Mpira umechakaa."

"Kweli," alisema Mama Damari. Hakupepesa.

Kioo kilikaa kikiwatafakari. Kisha makomeo yakarudi nyuma, la kwanza, la pili, la tatu, na mlango ukafunguka, mwanga wa ukumbi ukaingia.

"Ushahidi umepokelewa," ilisema nyumba. "Mashine mbovu haikai ndani ya jengo. Mafundi watafika saa sita kamili kuibadilisha. Asanteni."

* * *

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

"Watauona mpira," alisema Mama Damari.

"Tunaweza kuutoa. Tukautoa hawataona kitu."

"Na wakiondoka tunaurudisha."

Chiduo alitikisa kichwa. Mashine mpya alikuwa anazijua. Aliziidhinisha mwezi wa tatu. Zinafungwa ukutani kwa bamba la chuma, na mvuke wote zinaunywa zenyewe, halipotei hata tone. Hazina jagi la kusamehewa. Alisifiwa sana kwa hilo.

Akamweleza yote, uso kwa uso, kwa sababu kilichokuwa kimebaki cha kuficha ni nini? Mama Damari akasikiliza. Akauliza kama ndoo zinaweza kupitishwa ukumbini. Hapana, ukumbini kuna kamera, na mlango wa Sechelela una lakiri. Akauliza kama mashine inaweza kufichwa. Hapana. Akauliza maswali manne mengine, ya mtu mwenye akili, na yote Chiduo akayajibu hapana, na kila hapana aliitengeneza yeye kwa mikono yake, akalipwa mshahara.

Walikuwa wamesimama na mlango wazi. Angeweza kutoka. Angetembea mpaka kituo, angefika kazini amechelewa kidogo, angesema mashine iliharibika. Saa sita mafundi wangemaliza. Jumatatu, Jumanne, kule ng'ambo pangekuwa kimya. Na hakuna mtu duniani ambaye angemuuliza chochote, maana nyumba ile ni tupu.

"Mafundi hawaingii nyumba iliyofungwa," alisema polepole.

Mama Damari alimtazama kwa lile jicho zima.

"Siku tisa," alisema Chiduo. "Sechelela anahitaji sita. Mvujo mdogo tu, pale kwenye kiungo. Mengine yaendelee kupita."

"Na kazi yako?"

"Kesho mchana haipo."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni ya kazi." Alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine. Alikuwa anaogopa, na hakuona sababu ya kumficha mtu aliyekwisha kumwona akitambaa. "Naogopa, Mama. Sijui nitamwambia nini Mbeleje."

Alitoa simu akaandika: *Msirudi nyumbani, nendeni kwa kaka yako, nyumba imejifunga, siku tisa, tuko salama, nitakueleza.* Akaituma. Simu ikaita papo hapo, jina la mke wake likiwaka. Hakuipokea, maana akiisikia sauti yake angetoka, na mlango upo wazi pale.

"Toka, Mama," alisema. "Nenda kwa mwanao. Mimi nitabaki."

"Na vyombo ataosha nani?"

"Nitaosha."

"Mara tano kwa siku? Wewe? Sahani yenyewe huwa unaiacha mezani." Mama Damari aliufunga mlango kwa mkono wake, akapita mbele yake akaenda jikoni, akavuta kigoda, akaketi pembeni ya mashine. Mkwe na mkwewe, jikoni, siku tisa, choo kimoja! Kijijini kwao wangelizungumza hilo mpaka wajukuu wazeeke. "Haya. Saa inakwenda."

Chiduo alilala chini kwenye ubaridi wa sakafu, akapenyeza bisibisi. Skrubu ikamponyoka mara mbili. Akaipata. Akalegeza nusu mzunguko. Tone likajitokeza, likaning'inia, likaanguka. Jingine likachelewa sana. Nyumba haikusema neno. Huko chini, lango la jengo lilifunguliwa, na sauti za wanaume zikaanza kupanda ngazi, na chuma kizito kikigonga kila kidato.

"Legeza tena, mwanangu," alisema Mama Damari, ameinama mpaka nyuso zao zikakaribiana. "Hapo nyumba haisikii."

Akalegeza mpaka maji ya moto yakamwagika hadi kiwikoni, akauma meno, akaendelea kulegeza mpaka makomeo yote matatu yakaingia.